Paa Lisilovuja

Nchi yenyewe sitaitaja. Wenyewe wanajijua, na nyie mnaoijua mtajifanya hamuijui, kama tulivyozoea. Itoshe kusema ni nchi inayopenda haki kupita kiasi. Imeijengea haki wizara, ikainunulia magari, ikaipa na siku yake ya mapumziko, na siku hiyo hutapata ofisi hata moja iliyo wazi ukaombe haki yako.

Mwaka huo nchi iligundua kwamba watoto hawasomi sawasawa. Wako wanaosoma chini ya feni na wako wanaosoma chini ya tundu. Habari hiyo ilimshtua sana Waziri, maana alikuwa kwenye uwaziri muda mrefu na hapakuwa na mtu wa kumnong'oneza. Papo hapo akaunda Tume ya Kusawazisha Taabu. Kuanzia sasa, akatangaza redioni, mtu hataingia Chuo Kikuu kwa alama za mtihani peke yake. Ataongezewa alama za taabu. Wakaguzi watapita kila shule na vipimo vya kitaalamu, na aliyetaabika zaidi ataongezewa zaidi. "Taabu isiyopimwa," akasema Waziri, "ni maneno ya mtaani tu."

Mwalimu Mbwilo, mkuu wa Shule ya Sekondari Kinyerere, alilisikia tangazo hilo akinywa uji, na hamu ya uji ikamwishia. Hakuwa mtu wa kuamini upesi. Ofisa akimsalimia, ataitikia kwa adabu zote, kisha siku nzima atajiuliza yule bwana alikuwa anatafuta nini. Akiletewa chaki za msaada huonja moja kwanza, ajue kama si unga wa muhogo.

Tusimcheke, alikuwa na sababu. Zamani kidogo ofisa mmoja wa elimu alifika shuleni hapo mvua ikinyesha. Akasimama darasani, tone likamdondokea kwenye upara. Akatazama juu. "Nani ametoboa paa hili?" akauliza. Mwalimu akasema limetoboka lenyewe kwa uzee, mheshimiwa. Ofisa hakuridhika, kwa kuwa serikali haijawahi kutoa paa lenye tabia hiyo. Mwalimu akaamriwa aandike barua ya kujieleza, na barua ile ikalala ndani ya faili lake ikizuia kila alichoomba, hata uhamisho wa kwenda karibu na mkewe.

Sasa eti serikali ileile inakuja kutafuta matundu iyape alama. Mwalimu akatikisa kichwa. Hapa pana jambo, akajisemea.

Aliyekuwa na lake kubwa katika habari hii ni binti mmoja, Sikudhani, aliyemaliza kidato cha sita hapohapo Kinyerere. Alilelewa na bibi yake, na alitaka uhandisi wa umeme, ingawa umeme wenyewe kijijini hapo ulikuwa ukipita juu kwa juu, kwenye nguzo ndefu, kwenda kwa watu wengine. Shule haikupata kuwa na mwalimu wa fizikia wala maabara. Sikudhani alichukua msumari akachora saketi juu ya dawati lake, betri huku, taa kule, akawa anaufuata mkondo kwa kidole. Hivyo ndivyo alivyofaulu. Lakini watoto wa Akademia ya Mlima Lulu, shule ya matajiri, walikuwa wamempita kidogo, na nafasi ya uhandisi kwa kanda nzima ilikuwa moja. Alama za taabu ndizo zingemvusha.

Akaenda ofisini kwa Mwalimu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Nimekuja kuomba. Wakaguzi wakija, tusiguse kitu. Wapakute palivyo."

Mwalimu akainuka akafunga mlango, kisha na dirisha. "Nani kakutuma?"

"Hakuna. Nimepiga hesabu zangu tu."

"Mwanangu, wewe serikali huijui. Mwaka huu wanatafuta taabu. Mwakani watamtafuta aliyeisababisha. Na hapa wakiuliza nani alikuwepo muda wote, ni mimi."

"Lakini wasipoiona, Mwalimu, nafasi yangu ndiyo basi tena."

Hilo lilimwingia. Alimpenda binti huyu kuliko alivyoonyesha, na alijua hakuna mwingine wa Kinyerere aliyewahi kufika alipofika yeye. Akamwahidi atalifikiria. Na huenda angelifikiria vizuri, ila kesho yake likaja lori.

Lilikuwa lori jipya, limebeba madawati mapya na mabati mapya, na aliyeshuka alikuwa bwana mmoja mpole aitwaye Mtonga, amevaa shati jeupe. Akasema ametumwa na marafiki wa elimu. Wanatoa vipya, wanachukua vikuukuu. Bure kabisa.

"Vikuukuu mnavifanyia nini?" akauliza Mwalimu.

"Kumbukumbu."

"Za nani?"

"Za taifa, Mwalimu."

Mwalimu hakumwacha hata hatua moja. Bwana Mtonga alipita darasani akipapasa madawati yaliyopasuka kama mtu anayechagua vitenge, mengine akayanusa. "Hili ni bovu la kweli," akasema kwa heshima. "Siku hizi watu wanavunja dawati jana, leo wanataka uamini limechakaa." Akayasifu matundu ya paa kwa mpangilio wao. Aliuliza pia kama choo kinaweza kung'olewa kizima, akasikitika alipoambiwa hakiwezi. Mwalimu naye akayakagua madawati mapya, akayagonga, akayalalia, akayapindua miguu juu. Hakuona kasoro yoyote, na hilo likamtia wasiwasi zaidi.

Aliyekata shauri alikuwa Bibi Nambiza, bibi yake Sikudhani, mwenyekiti wa kamati ya wazazi. "Mgeni anakuja," akasema, "Mungu anatuletea samani, sisi tunasita? Tumerogwa?"

"Bibi," akasema Sikudhani, "huyo mgeni mwenyewe anakuja kuangalia ubovu."

"Hakuna mgeni anayekuja kuangalia ubovu, mjukuu wangu. Hata akikuambia hivyo kwa mdomo wake."

Basi lori likapakia madawati, mabati yenye matundu, na ubao uliobambuka. Dawati la Sikudhani lilipandishwa mwisho. Yeye alisimama akilitazama mpaka vumbi likamfunika.

Siku ya ukaguzi Kinyerere ilifagiwa mpaka ardhi ikang'aa. Mawe ya njiani yalipakwa chokaa. Bibi Nambiza alileta vitambaa vyake vya kufuma, vile vya harusi yake, akavitandika juu ya madawati. Chumba kilichokuwa ghala la mahindi kikaitwa maabara, kikapangwa chupa za soda zenye maji ya rangi. Viatu havikutosha, kwa hiyo darasa la kwanza kutazamwa lilivaa, kisha viatu vikapitishwa dirishani kwa darasa la pili wakati wageni wakila karanga. Pilau ilinukia hadi barabarani. Watu walifanya kazi kwa moyo, na ukiwaona ungewapenda.

Mkaguzi Mwandamizi wa Taabu alikuwa Bi Eulalia Kitogo. Alikuwa mwanamke mwema, asiyechukua hata soda ya mtu, na hapo ndipo kazi ilipoharibikia. Alikuja na futi ya kupima matundu, beseni la kukinga matone, na mashine ndogo ya kutikisa madawati. Akatikisa, madawati yakatulia. Akaamuru maji yamwagwe juu ya paa, akasimama na beseni lake chini. Halikudondoka hata tone. Akatazama kile kitambaa cha kufuma akakigusa kwa ncha ya kidole.

Kisha akamgeukia Sikudhani, aliyekuja kusaidia kupokea wageni. "Binti, sema bila woga. Hapa mnataabika?"

Kijiji kizima kikamtazama Sikudhani. Bibi yake alikuwa mlangoni na sahani ya pilau mkononi, tabasamu limeganda.

"Madawati yameletwa majuzi, mama," akasema Sikudhani taratibu. "Na mabati pia. Lori lilikuja likachukua yetu."

Bi Kitogo akamgeukia Mwalimu. "Ni kweli? Nani aliyafanya haya?"

Neno ni lile lile, nani. Mwalimu Mbwilo alimwona tena yule ofisa mwenye upara, akaliona faili. Akakaza suti yake.

"Shule yetu haina tatizo lolote, mheshimiwa," akasema. "Tunaishukuru serikali."

Sikudhani akainamisha kichwa. Bi Kitogo aliandika sifuri, akalengwa na machozi ya furaha, akahutubia wanakijiji. "Nimezunguka nchi hii nikitafuta shule ambayo haitanisikitisha. Leo nimeiona. Endeleeni kutotaabika." Watu wakapiga makofi, pilau ikaliwa ikaisha.

Baada ya wiki chache redio ikatangaza matokeo. Shule iliyoongoza kwa taabu nchini ilikuwa Akademia ya Mlima Lulu. Mkaguzi, ikasema redio, alikuta paa kama chujio, watoto pekupeku, na madawati yaliyochakaa kiasi cha kumfanya mtu aombe kiti. Hata madereva waliokuwa wakiwasubiri watoto nyuma ya ukuta walionekana kuguswa. Dawati moja, mtangazaji akaongeza kwa sauti ya msibani, lilikuwa limechorwa kwa msumari mistari ya huzuni. Aliyekuwa akilitumia, mtoto wa muuza feni mkubwa wa jiji, amepata ile nafasi ya uhandisi.

Mwalimu Mbwilo alizima redio. Mistari ya huzuni. Betri huku, taa kule. Miaka yote ameshuku kila mtu, na siku ambayo shaka ilikuwa na kazi ya maana, aliitumia kumshuku mwanamke pekee aliyekuja na nia njema. Aliona aibu mpaka akashindwa kutoka nje kwa mlango wa mbele.

Haikupita muda, lori likarudi. Bwana Mtonga alishuka na shati lake jeupe, akaanza kupakia madawati mapya.

"Si tulibadilishana?" akauliza Mwalimu.

"Tulibadilishana. Sasa tunabadilishana tena."

"Basi yetu yako wapi?"

"Yenu bado yako kazini, Mwalimu. Yanahitajika sana." Akapandisha mafundi juu, wakang'oa na mabati.

Jioni hiyo Mwalimu alikwenda kwa Bibi Nambiza. Alimkuta Sikudhani anachambua mchicha, akakaa kwenye kigoda bila kukaribishwa. "Nimekuponza, mwanangu," akasema. Sikudhani hakumwambia si kitu, kwa sababu haikuwa si kitu. Alimwambia tu, "Kata rufaa, Mwalimu."

Tume ilikuwa inapenda rufaa, maana zinaonyesha mfumo unafanya kazi. Ikamtuma tena Bi Kitogo. Safari hii hakuna aliyefagia. Watoto walikuwa wamekaa chini, kwenye udongo, na majani yalikuwa yamejikusanya kwenye kona za darasa. Mwalimu alimpokea mkaguzi akasema kabla hajaulizwa, "Mama, ile siku nilikudanganya."

"Hayo ya nyuma hayapimiki," akasema Bi Kitogo kwa upole, akafungua fomu yake. "Paa linavuja?"

"Hakuna paa."

"Nimeuliza kama linavuja."

"Tazama juu, mama."

Bi Kitogo akatazama juu. Palikuwa na mbingu na kunguru mmoja. "Basi halivuji," akasema, akaandika sifuri. "Madawati mangapi yamevunjika?"

"Hatuna dawati hata moja."

"Kwa hiyo hakuna lililovunjika. Mwalimu wa fizikia huchelewa vipindi?"

"Hatujawahi kuwa naye."

"Hachelewi." Sifuri nyingine.

Sikudhani akapiga magoti mbele yake kwa adabu. "Mama, unaona kwa macho yako tulivyo. Kwa nini huandiki unachoona?"

Bi Kitogo alimshika bega, na sauti yake ilikuwa na huruma ya kweli. "Binti yangu, mimi hupima kilicho kibovu. Nikianza kupima kisichokuwepo, nchi hii nitaimaliza lini?"

Kinyerere ikawa shule pekee nchini iliyopata sifuri ya taabu mara mbili mfululizo. Jambo kama hilo haliwezi kupita hivihivi. Mwalimu Mbwilo akaandikiwa kwamba amechaguliwa kuwa Mwalimu Mkuu wa Mfano, na anaalikwa mji mkuu, Chuo Kikuu, siku ya kufunguliwa Ukumbi wa Usawa, akatoe mada: Jinsi Nilivyoimaliza Taabu. Aje na mwanafunzi mmoja wa kuthibitisha.

Aliisoma barua ile akiigeuza huku na huku, akaishika juani kuona kama ina maandishi mengine nyuma. Kisha akamwita Sikudhani.

Ukumbi ulikuwa na zulia jekundu na feni nyingi, zawadi ya mzazi mmoja. Kando ya ukuta mmoja kulikuwa na chumba cha kioo, kikubwa kama kibanda cha kuuzia vocha, kimewashiwa taa, na ndani yake, chini ya kipande cha paa bovu, limewekwa dawati. Kibao kilisema: *Chimbuko la Usawa. Mali ya Akademia ya Mlima Lulu. Usiguse.*

Sikudhani aliweka kidole kwenye kioo, akaufuata mkondo. Betri huku, taa kule. "Ni langu, Mwalimu," akasema.

Mwalimu Mbwilo akapanda jukwaani. Aliitazama glasi ya maji aliyowekewa, akaisogeza kando, akaiweka mada yake mfukoni. "Waheshimiwa," akasema, "mimi sikuimaliza taabu. Niliificha. Paa lile kwenye kioo ni la kwetu, lilichukuliwa kwa lori. Dawati lile ni la binti huyu, alilichora mwenyewe akijifunza umeme. Mkaguzi aliniuliza nikasema uongo, kwa sababu nimezoea kuogopa. Nafasi yake kapewa mtu mwingine kwa jina la taabu yake. Naomba arudishiwe."

Waziri akasimama akaanza kupiga makofi, na wote wakasimama. Waziri alisema hajapata kusikia unyenyekevu wa namna ile katika utumishi wake, mtu kuondoa taabu yote na bado akakataa sifa. Akaagiza hotuba ile ichapishwe isambazwe nchi nzima, ikishaondolewa sehemu zisizoeleweka.

Makofi yalipokuwa yakiendelea, Sikudhani alifungua mlango wa kioo, akaingia, akaketi kwenye dawati lake. Mlinzi akamjia mbio.

"Toka humo. Hairuhusiwi kugusa."

"Sijagusa kitu. Nimekaa mahali pangu."

Mlinzi akasoma kibao mara ya pili. Kilikataza kugusa, kuhusu kukaa hakikusema chochote. Akamwita mkubwa wake, mkubwa akaita Tume, na Tume ikakaa pembeni ikanong'onezana. Kumtoa mbele ya wageni kungekuwa na sura mbaya. Isitoshe, dawati lilipendeza zaidi likiwa na mtu. Mwishowe wakaongeza maneno kwenye kibao: *Pamoja na Mtumiaji Wake wa Awali*.

Hivyo ndivyo Sikudhani alivyoingia Chuo Kikuu.

Alipewa chakula na kitanda kwa bajeti ya maonyesho. Nyuma ya chumba cha kioo kuna ukuta mwembamba, na nyuma ya ukuta ni darasa la uhandisi wa umeme. Alisikia karibu yote, isipokuwa mhadhiri alipogeukia ubao. Mtihani hakuruhusiwa kufanya, kwa kuwa maonyesho hayasajiliwi. Mtoto wa muuza feni alisajiliwa, na siku nyingine alikuja kusimama mbele ya kioo akamtazama kidogo, akaondoka akiangalia viatu vyake.

Shule zilipofungwa Mwalimu Mbwilo alikwenda kumwona. Alibeba karanga za kukaanga kutoka kwa Bibi Nambiza, ambaye siku hizi akiulizwa habari za mjukuu wake husema kwa mkato yuko Chuo Kikuu, kisha hubadilisha mazungumzo. Mlinzi alizikagua karanga, akala kidogo, akamruhusu kusogea.

Kioo kilikuwa kimejaa alama za vidole na pumzi za watu. Sikudhani alikuwa ameinamia daftari, sikio limeelekea ukutani. Mwalimu hakutaka kumsumbua.

Mara mlangoni pakawa na pilikapilika. Waziri anakuja, na wageni kutoka nje ya nchi waliosikia sifa za Ukumbi wa Usawa. Mwalimu akatoa leso. Akaitemea mate kidogo, akaanza kusugua kioo haraka haraka, hapa, na hapa, na pale palipo na alama ya mkono wa mtoto.

Sikudhani akainua kichwa. "Mwalimu," akaita, na sauti yake ikapita kwenye kioo ikiwa nyembamba sana. "Unafanya nini?"

"Wageni wanakuja," akasema Mwalimu.

Akajisikia mwenyewe alivyosema. Mkono ukasimama. Mahali alipopasugua palikuwa peupe, ukubwa wa sahani, na hapo alimwona binti yule vizuri: amekonda, wino umemjaa vidoleni, mistari ya msumari iko mbele yake. Alitamani kulia, akaona haya kulia mbele ya mlinzi. Akaikunja leso akairudisha mfukoni.

Waziri alifika mbele ya wageni wake, akanyoosha mkono kuonyesha, kisha akaushusha.

"Nani amechafua kioo hiki?" akauliza.

Mlinzi akatazama chini. Maofisa wakatazamana.

"Mimi, Mheshimiwa," akasema Mwalimu Mbwilo.

Waziri alimtambua, na uso ukambadilika. "Wewe? Mwalimu wa Mfano? Basi utaandika barua ya kujieleza."

"Nitaandika," akasema Mwalimu. Akavuta kiti cha mlinzi, akakiweka ubavuni mwa kioo, upande aliokaa Sikudhani, akaketi. "Nitaiandikia hapahapa. Ila nipeni karatasi za kutosha."